Alama Tumboni mwa Kobe

Mtaa mzima ulimwita Mjomba, wakubwa kwa wadogo, hata wazee waliomzidi umri. Jina hilo hakupewa na wazazi. Lilitoka kinywani mwa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye kila alipotoka shule alianza kuita akiwa bado kule kona ya duka la sabuni: "Mjombaaa!" mpaka anafika mlangoni mwa karakana. Watu wakaanza kumwigiza kwa utani, utani ukakolea, jina likaganda. Mtoto alipokufa, hakuna aliyejua namna ya kuliacha. Basi mtu akimwita, Mjomba hugeuka kwanza akatazama chini, kwenye kimo cha mtoto, ndipo anainua macho kumwona aliyemwita.

Kazi yake ilikuwa kufinyanga visanamu vya meza ya chai. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu vikubwa, na yeye tangu utotoni alichezea mabaki ya udongo yaliyobaki kwenye ubao: chura, paka aliyejikunja, mzee anayesinzia na kofia magotini. Alipomaliza shule ya msingi hapakuwa na mtu wa kumsomesha zaidi, akabaki na udongo wake, na vile vitu vya kuchezea vikawa kazi. Vyote vilikuwa vidogo, vya kuenea kwenye kiganja. Vilikaa kwenye sinia, kando ya birika, kumliwaza mnywaji. Mtu akimimina chai, tone la kwanza humpa kisanamu wake, anammwagia kichwani. Udongo ule haukupakwa rangi wala kitu chochote, kwa hiyo uliinywa ile chai. Siku zikienda kisanamu hubadilika, kutoka rangi ya tofali kuwa hudhurungi, kisha kuwa cheusi chenye mng'ao. Baadhi vilikuwa na uwazi ndani na tundu dogo mdomoni. Ukivimwagia chai ya moto, hewa ya ndani hutoka na povu kidogo, na kasauti kembamba kama mtu anayepumua puani.

Waliovipenda sana ni watu wanaoishi peke yao. Na fundi viatu wa upande wa pili wa barabara, ambaye alikuwa na mke na watoto lakini alikunywa chai yake karakanani kwa Mjomba.

"Mjomba, chura wako huyu mnafiki," alisema kila siku kama vile ni jambo jipya. "Anakunywa chai kuliko mimi na hachangii sukari."

Mjomba alitabasamu tu. Jibu lilitoka ndani, kwa mkewe: "Na wewe umeanza lini kuchangia?"

Ndivyo walivyogawana. Mikono ilikuwa ya mume, mdomo ulikuwa wa mke. Mteja akiingia, Mjomba alijifanya anatafuta kitu chini ya meza mpaka mkewe ajitokeze. Mkewe ndiye aliyepatana na watu, ndiye aliyepokea visanamu vilivyotoka kwenye tanuri, akavipangusa majivu, akavizungushia magazeti ya zamani na kuvipanga kwenye maboksi. Udongo mbichi hakuugusa kabisa. Ulimwasha ngozi.

Yule mpwa wa Mjomba, jina la nyumbani aliitwa Kijiko, kwa sababu hakuruhusu mtu mwingine akoroge chai mahali alipokuwepo. Alitembea na kijiko mfukoni mwa sare ya shule. Akishakoroga vikombe vya wakubwa wote, alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na mkono wa mjomba wake, na kubonyeza kidole gumba kwenye kila alichokikuta kibichi. Tumboni mwa paka, mgongoni mwa chura, popote.

"Kijiko! Wateja watasema tunauza chura wenye ndui."

"Siyo ndui, Mjomba. Ni mimi."

Naye Mjomba alichukua sponji yenye maji na kuifuta ile alama. Hiyo ilikuwa sheria aliyoirithi kwa mama yake, aliyekuwa akimgonga vidole kwa kijiti akiona alama ya mkono kwenye kazi iliyomalizika. Kila kitu kilifutwa kabla ya kuanikwa. Kijiko hakukasirika. Alisubiri mjomba wake ageuke, akabonyeza tena.

Homa ilimchukua haraka. Ilianza kama mafua, na kabla watu hawajamaliza kuambiana kwamba mtoto anaumwa, wakawa wanarudi kutoka makaburini. Alikuwa na miaka sita. Kwa muda mrefu alikuwa amemwomba mjomba wake amtengenezee kobe, naye alikuwa akimwambia kesho.

Dada wa Mjomba, mama yake Kijiko, alikuwa mkubwa kwake. Ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao anashinda kwenye udongo, ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza na kusimama nje ya dirisha ili asilie. Alifanya kazi ya kupiga pasi kwenye chumba cha nguo cha hoteli moja. Baada ya msiba aliacha kusema. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti kimoja, akiwekewa chakula anakitazama kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

"Nenda kamwone," mke wa Mjomba alimwambia.

"Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu. Maneno huna, na hata ungekuwa nayo, wifi hayasikii. Mpelekee kitu cha kushika mkononi."

Mjomba akamfinyanga kobe. Alimfinyanga mwenye uwazi ndani, na tundu mdomoni, na kichwa kilichoinuliwa kidogo kama anayeuliza jambo. Aliifanya kazi hiyo macho yakimjaa maji, na baadaye alipojaribu kukumbuka kama alimpitishia sponji, hakukumbuka. Akamkausha, akamchoma, akampeleka. Dada yake alimpokea bila neno, akamweka kwenye sinia. Shemeji yake, yaani mume wa dada, alisema baadaye kwamba siku ile mkewe alijimiminia chai mwenyewe kwa mara ya kwanza, na tone la kwanza akampa kobe.

Kobe akaanza kubadilika rangi. Mjomba alipopita kuwasalimu alimwona kwenye sinia, kila mara mweusi zaidi, akasema moyoni kwamba walau kuna kitu kinachosonga mbele ndani ya nyumba ile.

Kisha siku moja, saa za asubuhi, dada yake akatokea karakanani na viatu vya ndani. Kobe alikuwa amemfunga kwenye taulo, kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Mdogo wangu, njoo hapa penye mwanga."

"Kuna nini, dada?"

"Njoo nimekwambia. Mtazame tumboni."

Mjomba akamgeuza kobe. Chai ilikuwa imetiririka mpaka chini, ikaingia kwenye vijistari ambavyo bila rangi hiyo hakuna jicho ambalo lingeviona, ikavichora. Ilikuwa alama ya kidole gumba. Ndogo, kiasi cha punje ya harage, na vijistari vyake vimezunguka kama maji yanayoingia shimoni.

"Ni Kijiko," dada alisema, akacheka. "Mtukutu yule! Si alikuwa anabonyeza kila kitu?"

Kobe alikuwa amefinyangwa baada ya mazishi. Dada yake alilijua hilo kama yeye alivyolijua. Lakini kuna jambo ambalo Mjomba alilijua na dada yake hakulijua: udongo hunywea, hupungua ukubwa. Unapokauka hunywea kidogo, unapochomwa hunywea zaidi, na alama iliyo juu yake hunywea pamoja nao. Ncha ya kidole cha mtu mzima, ikigusa udongo laini kwa juujuu, ikitoka kwenye tanuri huonekana kama ya mtoto. Mjomba alikuwa ameona hivyo mara nyingi kwenye kazi zilizoponyoka sponji. Alama ile ilikuwa yake mwenyewe. Ya nani tena?

Akafungua kinywa aseme. Wakati huohuo dada yake akageukia ndani.

"Wifi, una chochote cha kula? Nasikia njaa."

Tangu msiba hakuna aliyemsikia akitaja njaa. Mke wa Mjomba alitoka mbio na sahani. Mjomba akafunga kinywa chake, akamkunja kobe kwenye taulo, akamrudishia.

Kimya hicho kimoja kilimgharimu. Mwanzoni mambo yalionekana mazuri, dada akawa anakula, anaoga, anasuka nywele. Lakini kazini hakurudi. Alisema hawezi kuiacha nyumba tupu, mtoto akija asikute mtu. Mapazia akayafunga ili vumbi la barabarani lisiingie kwenye chai. Kwenye sinia pakawa na kikombe cha zaidi, na kijiko kimelazwa kando yake.

Mjomba alikwenda kumwona alasiri moja, jua bado kali nje, na ndani kweusi kama kwenye stoo. Wakakaa wawili, sinia katikati yao. Dada aliinua birika, kisha akasita, amelishika hewani.

"Ngoja ipoe kwanza," alimwambia kobe, "utaungua."

Na Mjomba akaisikia ile pumzi. Kasauti kembamba, ka puani, kutoka mdomoni mwa kobe. Alitazama birika, lilikuwa bado juu na chai haijamwagwa. Alitazama kobe. Mgongo wake ulikuwa mkavu. Kwenye tundu la mdomo povu dogo lilivimba, likakaa kidogo, likapasuka.

"Ana haraka huyu," dada alisema, akitabasamu. "Amechukua kwako. Na wewe ulikuwa hungoji uji upoe."

Mjomba alisema amekumbuka udongo ameuacha wazi. Alikwenda nyumbani kwa haraka, na njiani alijieleza kwamba mle chumbani mlikuwa na joto, na hewa ikipata joto hutoka, hata bila chai. Alijieleza hivyo mpaka akafika.

Siku chache baadaye shemeji yake aliinama mlangoni mwa karakana. Alikuwa fundi umeme, mrefu, wa kuinama kwenye kila mlango, na siku hiyo hata baada ya kuingia hakunyooka.

"Shemeji, mimi si mtu wa kugombana na kobe wa udongo," alisema. "Kama anampa nafuu, nitanunua chai gunia zima. Lakini nimepata kazi mji mwingine. Kazi ya maana, na nyumba wananipa juu yake. Mwezi ujao ndiyo inaanza."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema hatoki. Anasema mtoto akija akakuta wapangaji wengine, ataogopa." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kumwacha siwezi. Lakini shemeji, na kubaki siwezi. Juzi nimejikuta nakula polepole nisije nikafanya kelele, nisikilize. Nikibaki mle na mimi nitamsikia, na tukishamsikia wote wawili, nani atatutoa?"

Shemeji yake akamshika bega.

"Wewe ndiye aliyekulea kwa mikono yake. Wewe atakusikia. Mwambie chochote."

Alipoondoka, Mjomba alimweleza mkewe jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alama ile ni ya kidole chake. Imenywea kwenye moto, basi.

Mkewe alikuwa anafunga paka kwenye gazeti. Mikono yake ikasimama.

"Una hakika?"

"Nani mwingine anashika udongo wangu?"

Mkewe alimtazama muda, kama anayetaka kusema jambo akaliweka pembeni. "Basi mwambie," alisema. "Mwambie mapema, wifi aondoke hapa. Aende mbali. Usichelewe."

Alikwenda. Alimkuta dada yake anapangusa sinia, akamweleza habari ya udongo na moto akitazama sakafu tangu mwanzo mpaka mwisho. Dada yake alisikiliza, kisha akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu.

"Hili dole lako kama muhogo, ndilo limekuwa lile?"

"Ndilo, dada. Ncha yake tu. Na moto ukalipunguza."

"Nionyeshe basi. Kwa macho yangu. Nikiona ni chako, nitafunga mizigo."

Akaja karakanani, akasimama juu yake kama alivyokuwa akisimama nje ya dirisha la darasa. Mjomba alikata kipande cha udongo uleule, akakisawazisha kama kigae, akakigusa kwa ncha ya kidole gumba, juujuu. Hakukifuta. Wakakiweka kwenye rafu ya kukaushia, na tangu hapo hakuna aliyekigusa. Dada alikuja kila siku kukitazama kinavyobadilika kutoka kijivu kuwa cheupe. Fundi viatu akauliza ni sanamu ya nini ile, bapa namna ile.

"Ya mdomo wako," mke wa Mjomba alimjibu, "siku ukiufunga." Lakini alisema bila kucheka, na fundi viatu akanywa chai yake akaondoka mapema.

Asubuhi ya kufungua tanuri Mjomba alikuwa peke yake. Tofali za mlangoni zilikuwa bado na uvuguvugu. Alitoa visanamu vya wateja kwanza, akavipanga kwenye ubao, kisha akatoa kigae, akakipuliza majivu na kukipeleka dirishani.

Alama ilikuwa imenywea kama alivyosema. Kidole cha mtoto hasa. Akashusha pumzi. Kisha akaliona kovu.

Lilipita katikati ya alama, mshazari, jembamba kama unywele, likikata vijistari vyote. Waya wa kukatia udongo ulimwingia ujanani mpaka kwenye mfupa, na tangu siku hiyo kila alipoacha alama, ilikuwa na mkato huo. Alikuwa ameizoea kiasi cha kutoiona, kama mtu asivyoiona pua yake mwenyewe. Sasa alikumbuka alama ya tumboni mwa kobe, ule mzunguko wa maji yanayoingia shimoni, mzima, usio na mkato wowote.

Akabonyeza kidole gumba cha kushoto kwenye udongo mbichi. Vijistari vyake vilipinda kama upinde, havikuzunguka. Akabonyeza cha shahada, na cha kati. Akavibonyeza vyote kumi, akiwa amesimama, jasho linamtoka, na hakuna hata kimoja kilichozunguka namna ile.

Dada yake aliingia kabla hajapata muda wa kufikiri. Alimtoa kobe kwenye taulo, akamlaza chali kando ya kigae. Akainama, akatazama huku, akatazama kule. Barabarani mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa vyuma, nao ukapita wote na kelele zake kabla dada hajasema neno.

"Huu mkato ni wa nini?"

"Kovu. Ule waya, unakumbuka."

"Kobe hana."

Kwa mara ya kwanza Mjomba aliona wazi jibu lake lingefanya nini. Akisema kweli, dada yake angerudi nyumbani, angefunga mapazia, na shemeji naye angekaa humo kusikiliza mpaka wote wawili waishe.

"Nilimshika kwa upande," alisema. "Upande wa kidole hauna kovu."

Dada yake alimtazama. Alikuwa mtu aliyemkamata na sukari mdomoni na vikombe vilivyovunjika nyuma ya mgongo, na alimtazama vilevile.

"Tangu utotoni hujui kudanganya, mdogo wangu," alisema taratibu. "Masikio yanakuwa mekundu."

Mjomba akainamisha kichwa. Dada akavuta ile ndoo iliyofunikwa, akaikalia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayehesabu nguo za kupiga pasi.

"Kama ni kidole chako, basi mtoto hayupo, na mimi nakaa kumngoja nani? Na kama si chako…" Alipitisha kiganja kwenye ubao, kwenye unga wa udongo. "Kama si chako, alikibonyeza hapa. Si kwangu. Kwangu alikuwa anakuja kulala tu. Kila alipotoka shule alikimbilia hapa. Nilikuwa naona wivu, nikuambie ukweli. Nilikuwa nasema huyu mtoto amezaliwa na mimi au na udongo?"

"Dada, usiseme hivyo."

"Niache niseme. Ikiwa anakuja, anakuja hapa, na hapa wewe upo. Mimi kule nimekaa na kobe nimefunga mapazia, kumbe nimekaa kwenye nyumba ambayo hata alipokuwa hai hakutulia." Akasimama. Akamsukuma kobe upande wa mdogo wake. "Mtunze. Chai yake iwe na tangawizi kidogo, si nyingi. Mimi naenda na mume wangu."

Waliondoka mchana, mwisho wa juma, kwenye lori dogo lililojaa vitanda na masufuria. Dada alikaa mbele katikati ya dereva na mumewe, amevaa gauni la kazini lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Fundi viatu alifunga kamba za mizigo, na alipoambiwa fundo lake limelegea alijibu kwamba limejifunza kwa maneno ya wanasiasa. Watu wakacheka. Dada pia alicheka. Lori likakata kona ya duka la sabuni, na Mjomba akasimama mpaka vumbi likatua.

Mkewe alimgusa kiwiko. "Njoo ndani."

Chumbani alipiga magoti, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda, lile ambalo Mjomba alidhani lina viatu vya zamani. Ndani mlikuwa na visanamu vilivyozungushiwa magazeti. Mkewe akakifungua kimoja baada ya kingine na kukilaza chali juu ya shuka. Paka. Chura. Mzee anayesinzia. Chura mwingine.

"Nilikuwa naviondoa wakati wa kufunga," alisema. "Cha kwanza nilidhani kimekuponyoka tu, nikasema nikirudishe ukifute. Lakini kilikuwa kimeshachomwa. Kisha kikaja cha pili, na wewe nilikuwa nimekuona kwa macho yangu ukikipitishia sponji."

Mjomba hakuhitaji kwenda dirishani. Kwenye kila tumbo, kwenye kila unyayo, palikuwa na ule mzunguko wa maji yanayoingia shimoni.

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekaa nalo? Ungemwambia dada yako. Usingemwambia kwa mdomo, angeliona usoni pako. Na asingeondoka milele." Mkewe alikuwa analia, kwa namna yake, bila kuacha kazi ya mikono. Alikuwa anavipanga visanamu kwa mstari, vya zamani upande wa ukuta, vya karibuni upande wa mlango. "Na hilo si lote. Tazama nilivyovipanga. Anza huku."

Mjomba akaanza upande wa ukuta. Alama ya kwanza ilikuwa kiasi cha punje ya harage, ileile ya kobe. Iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Kisha, kidogokidogo, bila mahali ambapo angeweza kuweka kidole na kusema hapa ndipo, vijistari vikapanuka, mzunguko ukawa mkubwa. Cha mwisho kilikuwa chura aliyetoka kwenye tanuri pamoja na kigae. Alama yake haikuwa tena ya mtoto wa miaka sita.

"Anakua," mkewe alisema, kwa sauti ileile ambayo wanawake humsemea mtoto wa jirani ambaye gauni limekuwa fupi.

Walikaa kitandani, visanamu vimelala chali kati yao, wasijue cha kufanya. Walikuwa bado wamekaa hivyo simu ilipolia. Mkewe aliitazama, akamtazama yeye, akampa.

"Tumefika!" Sauti ya dada ilikuwa imejaa upepo. "Nyumba ina madirisha makubwa hiyo, hata mapazia sina ya kuyatosha. Shemeji yako ameshagonga kichwa mara ngapi sijui. Wewe! Angalia hiyo kabati!" Kitu kilianguka, shemeji akacheka, na nyuma yao kulikuwa na vishindo vya miguu midogo na minong'ono. "Watoto wa jirani hao, wameingia kutushangaa. Mmoja ameshakaa juu ya godoro langu. Haya, niambie. Kobe anakunywa?"

"Anakunywa, dada."

"Vizuri. Na… hakuna jipya?"

Mjomba alimtazama yule chura wa mwisho. Aliyasikia masikio yake yakipata moto, yote mawili, mpaka kwenye ncha. Mkewe alikuwa ameushika mkono wake.

"Hakuna jipya, dada," alisema.

"Haya basi," dada yake alisema, na kwa sauti yake Mjomba akajua kwamba amemwamini. "Haya, mdogo wangu. Kalale mapema. Wewe mtoto, shuka hapo, utaanguka." Simu ikakatika.